Kijana, usilisingizie dafu!

Mpenzi msomaji, wiki hii tunashuka chini ya kitovu. Kama unasoma gazeti hili mbele ya wakwe zako, likunje kwanza, utamalizia ukifika nyumbani.

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda pale Maili Moja, Kibaha. Au panda zako gari la Gongo la Mboto, pita Pugu, panda mpaka Kisarawe mjini, ukakae na vijana wanaotafuna mihogo ya kuchoma jioni. Halafu taja neno moja tu: busha. Kwanza utasikia kicheko. Baada ya hapo kila mtu anakuwa daktari. Wa kwanza atasema ni madafu, ukiyanywa sana maji yanashukia huko. Wa pili atasema ni mke wa mtu, jamaa kategwa na mwenye mali. Wa tatu atakwambia ni ya ukoo, babu yake pia alikuwa nalo. Wa nne atacheka kidogo, kisha atauchuna kimya na kuangalia simu yake.

Makala hii ni ya huyo wa nne.

MWILI HAUJAMALIZA

Vijana wengi tunadhani ukishatoka ndevu na sauti ikitulia, basi mwili umemaliza kazi yake, kilichobaki ni kutanua. Si kweli. Kati ya miaka 18 na 30 mwili unaendelea kujipanga. Mifupa inazidi kukaza, gego la mwisho linasukuma fizi, kitambi kinaanza kupiga hodi kwa wale wa chipsi mayai kila usiku. Na kwa sisi wa Pwani kuna badiliko jingine ambalo hakuna anayelitangaza: kijana anaoga asubuhi, anashika, anakuta upande mmoja wa korodani umekuwa mzito kuliko jana.

Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Jioni haendi tena uwanjani, anasema goti linauma. Jinzi zake za kubana anampa mdogo wake, yeye anahamia kwenye suruali pana na shati la nje. Mchumba akiuliza habari ya posa, anaambiwa "subiri kidogo, mambo hayajakaa sawa". Mwaka unapita. Mtoto wa watu anaanza kuhisi kuna mwanamke mwingine, kumbe mwenzake anahangaika na kitu ambacho daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kukimaliza.

Zamani huku Uzaramoni kulikuwa na mahali pa kuambiwa mambo haya. Wavulana walipelekwa jando, wasichana wakawekwa ndani wakafundwa. Wazee hawakuona haya kutaja viungo kwa majina yake. Lakini hata wao hawakuweza kumweleza kijana busha linatoka wapi, maana hawakuwa na njia ya kumwona mdudu mwenyewe. Siku hizi anajulikana, ila mahali pa kuyasemea ndipo pamepotea. Tuyaseme hapa basi.

MWENYE KESI NI MBU

Busha na matende ni ndugu wa baba mmoja. Baba mwenyewe ni mnyoo mwembamba kama uzi, ambaye wataalamu wanamwita Wuchereria bancrofti. Jike lake lina urefu wa sentimita 8 hadi 10. Hakai tumboni kama minyoo mingine. Makazi yake ni mishipa ya limfu, ile mifereji midogo inayokusanya majimaji ya mwili na kuyarudisha kwenye damu.

Anafikaje huko? Analetwa na mbu. Mbu anamuuma mtu mwenye vijidudu, anavinyonya pamoja na damu, vinakua ndani yake kwa muda wa kama wiki mbili, kisha anavikabidhi kwa mtu mwingine atakayemuuma. Daktari mmoja Mskoti, Patrick Manson, ndiye aliyeonyesha mwaka 1877, akiwa China, kwamba mnyoo huyu hukua ndani ya mbu. Aliona pia jambo la ajabu: vijidudu hivyo hujaa kwenye damu ya mtu usiku na kupungua mchana. Wamejipanga na saa za mbu kula, bwana! Ndiyo maana kwa miaka mingi wapimaji wa ugonjwa huu walikuwa wakizunguka na vioo vyao saa nne za usiku, watu wakiwashangaa kama wanga.

Huku kwetu kuna mbu wa aina mbili wanaofanya kazi hiyo. Wa kwanza ni yule yule wa malaria, anayezaliana kwenye madimbwi na maji yaliyotulia vijijini. Wa pili ni mbu wa maji machafu, mwenye kelele, anayezaliana kwenye vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba. Huyu ndiye mwenyeji wa miji inayokua haraka kama Kibaha, ambako nyumba zinaota kila siku na mitaro inakuja baadaye.

Msomaji utauliza: mbona mimi naumwa na mbu kila siku na niko salama? Jibu ni kwamba kuumwa mara moja hakutoshi. Inahitaji kuumwa mara nyingi sana, kwa miezi na miaka, mpaka minyoo dume na jike wakutane na kuanzisha familia. Wakishatulia wanaweza kuishi miaka 6 hadi 8, wakizaa vijidudu kwa mamilioni. Mwenye nyumba hana habari. Hana homa, hana kidonda, anakula na kulala vizuri.

Taratibu mifereji ile inaharibika. Majimaji yanakosa njia, yanatuama. Kwa mwanamume mara nyingi yanatuama kwenye mfuko unaozunguka korodani, na hilo ndilo busha. Yakituama mguuni, hayo ni matende. Ndiyo sababu ugonjwa huu una tabia ya kumuumbua mtu ukubwani: watu wengi huupata wakiwa watoto, wakati wanalala bila chandarua, na dalili zinakuja kuonekana mtu ameshakuwa mkubwa, ana kazi na mipango ya kuoa. Unapoliona busha leo, usianze kupekua ulilala na nani mwezi uliopita. Kosa lilifanywa na mbu zamani, wewe ukiwa bado unacheza gololi.

DAFU LIACHIWE HURU

Sasa tumalize kesi ya dafu. Tangu tukiwa watoto tunaambiwa usinywe madafu mengi. Ni rahisi kuona shutuma hii ilitoka wapi. Minazi inapenda pwani yenye joto na unyevu. Mbu naye anapenda hapo hapo. Kwa hiyo penye minazi mingi palikuwa na mabusha mengi, watu wakaunganisha mambo mawili yaliyokutana njiani tu.

Lakini angalia Burkina Faso. Ni nchi ya Afrika Magharibi isiyo na bahari, sehemu kubwa ni kavu, na bado mabusha na matende yaliitesa kwa miaka mingi. Huko nani alikuwa anakwea minazi? Na kule Ulaya na Marekani siku hizi maji ya dafu yanauzwa kwenye maboksi, watu wanayanywa baada ya mazoezi, na hatujasikia hospitali zao zimejaa mabusha. Dafu halina hatia. Kunywa zako kwa raha.

Na yale mengine je? Busha haliambukizwi kwa kujamiiana, wala kwa kuvaa nguo ya mwenzako au kukalia kiti chake. Hakuna aliyetegwa. Kuhusu ukoo, ni kweli unaweza kukuta baba analo na mtoto analo, lakini sababu ni kwamba wamelala nyumba moja na kuumwa na mbu wale wale. Hawakurithishana kwenye damu ya ukoo.

SI KILA UVIMBE NI BUSHA

Hapa naomba utulivu, maana hapa ndipo watu wanapoteza kiungo, hata maisha. Uvimbe wa sehemu hizo una sababu kadhaa, na kijiweni hakuna wa kuzitofautisha.

Busha mara nyingi haliumi. Linakua polepole, ni laini kama puto lenye maji. Daktari anaweza kulimulika kwa tochi aone kama mwanga unapita.

Ngiri ni jambo jingine. Hapo utumbo umepenya sehemu dhaifu na kushuka. Mara nyingi ukilala unarudi ndani, ukikohoa au kubeba mzigo unatokeza. Ngiri ikinasa, ikaanza kuuma sana na kutapisha, hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Kujinyonga kwa korodani huwapata zaidi wavulana na vijana. Maumivu yanakuja ghafla, makali, pengine usingizini, na upande mmoja unavimba. Damu imekatika huko. Mna kama saa 6 tu za kuiokoa. Usisubiri kupambazuke, usipakwe mafuta, usione aibu kumwamsha mzazi au mwenye nyumba. Amsha mtu, tafuta usafiri.

Ya mwisho ni saratani ya korodani. Haitokei kwa wengi, lakini inapokuja inawapenda vijana, kati ya miaka 15 na 35 hivi. Utakuta kijiwe kigumu kwenye korodani yenyewe, mara nyingi hakiumi. Ikiwahiwa inatibika vizuri. Kwa hiyo jizoeze: mara moja kwa mwezi, ukimaliza kuoga, jipapase taratibu pande zote mbili. Ukikuta kitu kipya, peleka kwa daktari. Ni dakika mbili tu.

KISU KIDOGO, MAISHA MAREFU

Haya, umepimwa, ni busha. Sasa?

Sasa ni upasuaji, na wala si ule wa kuaga ndugu. Mara nyingi mtu anachomwa sindano ya ganzi, maji yanatolewa, mfuko unaoyatunza unarekebishwa ili yasijae tena, anashonwa. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au baada ya siku chache. Baada ya hapo ni kutunza kidonda na kukaa mbali na jembe, mizigo, mpira na shughuli za chumbani kwa wiki kadhaa, kama daktari atakavyosema. Wakazi wa Kisarawe wana hospitali yao ya wilaya, na Kibaha ipo Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Anzia hata kituo cha afya kilicho karibu, watakuelekeza. Sikiliza pia matangazo, kwani mara kwa mara Serikali imekuwa ikiendesha kambi za upasuaji wa mabusha katika mikoa ya pwani.

Usikubali mtu akunyonye maji kwa sindano mtaani. Yatajaa tena, na safari hii yanaweza kuja na usaha. Wala usikubali chale na wembe wa mganga. Na usingoje mpaka likue. Busha dogo ni kazi nyepesi kwa daktari. Likiachwa miaka linakuwa mzigo wa kubeba, linaumeza uume, tendo la ndoa linakuwa shida, na hapo ndipo ndoa zinapoyumba. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Safari hii wahenga walikuwa wanaongea moja kwa moja, hakuna fumbo.

DADA, NA WEWE UMO

Akina dada mliokuwa mnacheka tangu mwanzo wa makala, mbu hachagui. Mnyoo huyo huyo humletea mwanamke matende ya mguu, na wakati mwingine kuvimba mkono au ziwa. Dalili ya mwanzo inaweza kuwa ndogo: kiatu cha mguu mmoja kinabana jioni, asubuhi kiko sawa. Wengi wanadhani ni kusimama sana dukani.

Matende yaliyokomaa hayana upasuaji mwepesi kama busha, lakini yanaweza kuzuiwa yasiendelee, na silaha zake zinapatikana dukani kwa Mangi. Osha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni. Ukaushe vizuri, hasa katikati ya vidole. Kila mchubuko upake dawa, maana bakteria wakiingia hapo ndipo zinakuja zile homa za kutetemeka na mguu kuwaka moto, na kila homa inauongezea mguu unene. Unapolala, uinue mguu juu ya mto. Chezesha kifundo mara kwa mara. Vaa viatu visivyobana. Ukianza mapema, mguu unaweza kubaki karibu na wa kawaida kwa miaka mingi.

Na kama ni mchumba wako ndiye anayevaa mashati ya nje siku hizi, usimkebehi. Muulize kwa upole, mkiwa wawili. Mwanamume anayeogopa kuchekwa na kijiwe kizima mara nyingi anangoja mtu mmoja tu ambaye hatacheka.

VILE VIDONGE VYA BURE

Wengi wenu mnakumbuka wale wagawa dawa waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba na fimbo ndefu ya kumpimia mtu urefu, kisha wanakupa vidonge umeze mbele yao. Wengine walimeza, wengine walivificha chini ya ulimi wakavitemea mgombani. Uvumi ulikuwa mwingi: vinaua nguvu za kiume, vinafunga uzazi, mzungu ana lake jambo.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka 1997 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliazimia ugonjwa huu utokomezwe, na mwaka 2000 mpango wa dunia ukaanza. Mwaka huo huo Tanzania ilianza kugawa kingatiba, na ilianzia kisiwani Mafia, hapa hapa mkoani Pwani. Dawa ni mbili, ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka. Fimbo ile ilikuwa ya kukadiria dozi, kwani ivermectin hupimwa kwa urefu wa mtu. Dawa hizi zinafagia vijidudu vilivyo kwenye damu ili mbu akija asikute cha kubeba. Minyoo wakubwa hawafi kirahisi, ndiyo maana ilibidi zoezi lirudiwe angalau miaka 5. Wale waliowashwa au kupata kizunguzungu baada ya kumeza, mara nyingi ni vijidudu vilivyokuwa vinakufa mwilini mwao.

Je, kazi hii inaleta matunda? Togo ilitangazwa mwaka 2017 kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, na majirani zetu wa Malawi wakafuata mwaka 2020. Kwetu pia wilaya nyingi zimepimwa na kufikia hatua ya kusimamisha ugawaji. Ukizaliwa mwaka 2000, wewe na kampeni hii ni rika moja. Lakini elewa jambo hili: kidonge kinakata njia ya ugonjwa, hakinyonyi maji yaliyokwisha kutuama. Aliyeumizwa utotoni bado anamhitaji daktari.

KIBAHA NA VILUWILUWI

Mwisho tumrudie mbu, kwani bila yeye tusingeandika makala hii. Kibaha, eneo la TAMCO, kuna kiwanda cha Tanzania Biotech Products, kilichojengwa na Shirika la Maendeleo la Taifa kwa teknolojia kutoka Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Dawa yake ni bakteria wanaomwagwa kwenye maji. Viluwiluwi vya mbu wakiwala wanapasuka matumbo na kufa, huku binadamu na samaki wakibaki salama. Juni 2017 Rais Magufuli alifika kiwandani hapo na kutaka halmashauri zinunue dawa hiyo na kuitumia.

Lakini usikae kusubiri halmashauri. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walifunika maji ya vyoo vya shimo kwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, viluwiluwi wakakosa hewa, na wakati huo huo watu wakapewa dawa. Ugonjwa ulishuka sana. Somo lake ni jepesi: mbu wa chooni anazuilika chooni. Funika tundu, ziba nyufa za karo, zibua mtaro, mwaga maji kwenye matairi na vifuu. Weka wavu madirishani. Lala ndani ya chandarua, na zaidi ya yote mlaze mtoto ndani yake, kwa sababu busha la mwaka 2045 linapandwa usiku wa leo kwenye kitanda cha mtoto asiye na neti.

Na wewe wa nne pale kijiweni, uliyekuwa unaangalia simu: Jumatatu asubuhi mwambie bosi unakwenda kufuatilia jambo. Ukifika kwa daktari usizunguke mbuyu kwa kusema kichwa kinauma. Sema "kuna uvimbe, naomba unipime". Ameshaona mengi kuliko hilo lako. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe bado kijana, una mpira wa kucheza na posa ya kupeleka.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.